Kibengali Kilipofika Kuitania Kompyuta

Mswahili akitua Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, na kukaa kwenye benchi la muuza chai, masikio yatamchanganya kabla kikombe hakijafika. Muuza chai ni mwanamume mwenye ndevu zake, lakini wateja wanamwita "mama". Mwendesha riksha anayepita naye ni "mama". Wanafunzi wawili wa chuo, marafiki wa siku zote, wanaitana "mama". Akivuka mpaka akaingia Kolkata, upande wa India, atakuta wanaume wakiitana "dada", na akiuliza "kaka" ni nani ataambiwa ni ndugu wa kiume wa baba. Katika maneno hayo ya ukoo, moja tu halikuhama: baba ni baba kotekote.

Kwa Kibengali mama ni mjomba. Dada ni kaka mkubwa, ingawa kwa Waislamu wengi wa Bangladesh ni babu mzaa baba. Lakini mitaani ukoo hauhesabiwi tena. "Mama" limekuwa neno la kumvuta mtu karibu, kama kijana wa Dar es Salaam anavyomwita dereva asiyemjua "mjomba" au "anko". Pembeni yake yako mengine. "Pera nai" ni hamna noma. "Joss" ni poa sana. "Jotil", ambalo kwa kamusi ni jambo gumu lenye kutatiza, vijana wanalitumia kusifu, vilevile kama wa huku wanavyosema kitu ni "kali". Anayepiga "gul" anapiga kamba.

Maneno haya ya benchini yameingia mahali ambapo wazee hawakuyatarajia: ndani ya lugha za programu, zile lugha ambazo binadamu huiandikia kompyuta maagizo. Mwaka 2022 vijana wawili wa India, Aniket Singh na Rishabh Tripathi, walitoa lugha ndogo ya mzaha iliyojengwa kwa Kihindi cha mtaani, wakaiita Bhailang. Bhai ni ndugu, kwa Kihindi na kwa Kibengali. Programu ya Bhailang hufunguliwa kwa "hi bhai" na kufungwa kwa "bye bhai". Anayetaka kuhifadhi namba huandika "bhai ye hai", yaani ndugu, hii hapa. Anayetaka jibu litokee kwenye kioo huandika "bol bhai", sema ndugu. Kazi inayojirudia ikitakiwa kukatizwa, huandikwa "bas kar bhai", na Mswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa sababu "bas" hilo na "basi" letu ni neno moja lililotoka Uajemi. Kweli ni "sahi" na uongo ni "galat". Sisi tunasema sahihi, na kamusi zetu bado zinalihifadhi neno ghalati.

Utamu wa Bhailang umo katika neno moja zaidi. Lugha nyingi za kompyuta zina neno la kutaja utupu, mahali ambapo hakuna thamani yoyote, na kwa Kiingereza neno hilo ni "null". Vijana wale waliweka "nalla". Sauti zinakaribiana, lakini nalla mtaani ni mtu asiye na kazi wala faida, anayeshinda kijiweni. Mcheko ulienea haraka, na Wabengali nao wakajitengenezea lugha ndogo za namna hiyo kwa misimu yao wenyewe, mama na wenzake wakaingizwa kwenye hesabu.

Ni rahisi kuviona hivi kuwa vitu vya watoto wa chuo wasio na la kufanya. Lakini anayejua utani ni nini atavitazama kwa jicho jingine. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani, na utani huo una historia ndefu ya kukutana, kusafiri na kuzikana. Mgeni hataniwi. Wabengali wamefikia kuitania kompyuta kwa lugha ya kijiweni baada ya safari ya zaidi ya karne mbili, na katika safari hiyo kila chombo cha kuandikia kiliwafikia kikizungumza lugha ya mtu mwingine.

Misimu yenyewe ilianza kuandikwa zamani. Nyumba za zamani za kaskazini mwa Kolkata zina kibaraza cha nje kinachoelekea njiani, na Wabengali hukiita "rok". Hapo ndipo vijana walikaa jioni kupiga "adda", mazungumzo yasiyo na ajenda wala mwisho, yanayoruka kutoka siasa hadi mpira hadi ushairi. Mtu wa Lamu au Unguja haelezwi zaidi: rok ni baraza, na adda ni yale yanayofanyika barazani. Wakazi wa mji walitambua kwamba baraza hizo zina lugha yake, "lugha ya rok", isiyosemwa mbele ya mwalimu. Hadithi za Tenida, alizoziandika Narayan Gangopadhyay kwa vijana katika karne ya 20, zimejengwa juu ya kibaraza cha namna hiyo: kijana mrefu mwenye maneno mengi na wenzake watatu, mmoja wao akisema kwa lafudhi ya mashariki, ile ya upande wa Dhaka.

Kabla ya hapo Kibengali cha vitabu kilikuwa kimevaa kanzu ya Ijumaa siku zote. Kiliitwa "sadhu bhasha", lugha safi ya adabu, iliyojaa maneno ya Kisanskriti na vitenzi virefu ambavyo hakuna aliyevitamka sokoni. Mwaka 1862 Kaliprasanna Singha, kijana tajiri aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, alichapisha kitabu cha picha za maisha ya Kolkata kiitwacho Hutom Pyanchar Naksha, michoro ya bundi. Bundi huona usiku, na kitabu kile kiliona yote: sherehe za matajiri, walevi, matapeli, wapiga debe. Kiliandikwa kwa maneno ya mtaa kama yalivyosemwa. Mwaka 1914 Pramatha Chaudhuri alianzisha jarida la Sabuj Patra, akalitumia kutetea "cholit bhasha", lugha inayotembea, na taratibu lugha ya kusema ikakubalika vitabuni. Anayefuatilia mivutano yetu kati ya Kiswahili sanifu na cha mtaani atayasikia humo mambo anayoyafahamu.

Hata hivyo neno halifiki kwenye karatasi kwa kupendwa tu. Linahitaji herufi, na herufi inahitaji fundi.

Fundi wa kwanza ambaye historia imelihifadhi jina lake alikuwa mhunzi. Mwaka 1778, katika mji wa Hooghly kando ya mto wa jina hilo, kilichapishwa kitabu cha sarufi ya Kibengali cha Mwingereza Nathaniel Brassey Halhed. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini mifano ilikuwa ya Kibengali, kwa herufi za kuchapa zilizotengenezwa na Charles Wilkins, mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza. Aliyemsaidia kuzichonga ni Panchanan Karmakar. Karmakar ni jina la ukoo lenye maana ya mfua chuma. Baadaye Panchanan alihamia Serampore, kwenye kiwanda cha uchapaji cha wamisionari kilichofunguliwa mwaka 1800, akamfundisha kazi mkwewe Manohar, na ufundi ukabaki katika familia.

Kazi haikuwa nyepesi. Kibengali kina irabu 11 na konsonanti 39, na hapo shida haijaanza. Konsonanti mbili au tatu zikikutana bila irabu katikati, huungana na kuwa umbo jipya, mara nyingine lisilofanana na mzazi yeyote. Alama za irabu nazo hukaa chini ya konsonanti, nyuma yake au mbele yake. Nyingine huikumbatia pande zote mbili. Mchapaji wa Kiingereza aliweza kufanya kazi na kasha la vipande vichache. Mwenzake wa Kibengali alihitaji mamia ya vipande vya risasi, na mikono iliyojua kila kimoja kimelala wapi. Ishwar Chandra Vidyasagar, yule mwanazuoni ambaye kitabu chake cha kujifunzia kusoma, Barnaparichay cha mwaka 1855, kimefundisha vizazi vya watoto, ndiye pia aliyepanga upya kasha la herufi ili mchapaji asipoteze muda. Mwaka 1935 gazeti la Ananda Bazar Patrika la Kolkata lilifanikiwa kukifikisha Kibengali kwenye Linotype, mashine ya kupangia herufi za uchapaji iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha zenye herufi chache. Ili kuingia humo maumbo mengi yalilazimika kuvunjwa na kurahisishwa.

Kisha siasa ikaigusa lugha kwa moto. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, Bengal ya mashariki iliwekwa ndani ya Pakistan. Tarehe 21 Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah, kiongozi wa nchi mpya, alisimama Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu na si nyingine, ilhali wasemaji wa Kibengali ndio waliokuwa wengi kuliko wote nchini humo. Upinzani ukawaka miaka minne. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji karibu na chuo cha tiba cha Dhaka. Rafiq, Barkat, Jabbar na Salam ni miongoni mwa waliouawa, na majina hayo kila mtoto wa Bangladesh anayajua. Katiba ya 1956 ilikubali Kibengali kiwe mojawapo ya lugha za taifa. Mwaka 1999 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya lugha ya mama, na dunia imeiadhimisha tangu 2000.

Miongoni mwa waliofungwa kwa ajili ya vuguvugu hilo alikuwa Munier Chowdhury, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka na mwandishi wa tamthilia. Akiwa gerezani mwaka 1953 aliandika mchezo wa Kabar, yaani kaburi, kuwakumbuka waliouawa, na wafungwa wenzake wakauigiza humohumo gerezani. Mtu huyohuyo, mwaka 1965, alikamilisha mpangilio wa herufi za taipureta ya Kibengali, uliotumika kwenye mashine za kampuni ya Optima ya Ujerumani Mashariki na kuitwa Munier Optima. Alihesabu herufi zipi hutumika mara nyingi, akaziweka karibu na vidole vyenye nguvu. Tarehe 14 Desemba 1971, siku mbili kabla ya vita vya uhuru wa Bangladesh kutoka Pakistan kwisha, alichukuliwa nyumbani pamoja na wasomi wengine wengi wa Dhaka, na hakurudi. Mpangilio wake ulibaki kwenye madawati ya makarani.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha kufika. Mwaka 1964 mashine aina ya IBM 1620 ilifungwa kwenye kituo cha nishati ya atomiki cha Dhaka, na Hanif Uddin Mia anakumbukwa kuwa mwandishi wa kwanza wa programu wa nchi hiyo. IBM 1620 ililishwa kadi zilizotobolewa, na lugha yake maarufu ilikuwa Fortran. Mtu aliyetaka mashine ichague kati ya njia mbili alitoboa neno la Kiingereza la "kama". Aliyetaka irudie kazi alitoboa neno la Kiingereza la "fanya". Kwa mashine maneno hayo ni alama tu, hayana Uingereza ndani yake, na yangeweza kuwa ya lugha yoyote. Lakini yalikuwa ya Kiingereza kwa sababu walioitengeneza walikuwa Marekani, na kila lugha iliyofuata ikarithi msamiati wa iliyotangulia. Kwa miaka mingi mtoto wa Kibengali aliyetaka kujifunza kuamuru kompyuta alijifunza kwanza lugha ya watu wa mbali.

Kuandika Kibengali cha kawaida kwenye kioo, barua au tangazo la harusi, kulisubiri miaka mingine ipatayo 20. Mwaka 1985 mhandisi Saifuddahar Shahid alitoa Shahidlipi, programu iliyowezesha kompyuta ya Macintosh kuandika Kibengali. Tarehe 16 Desemba 1988, siku ya kuadhimisha ushindi wa vita vya 1971, Mustafa Jabbar alitoa kibodi yake aliyoiita Bijoy, yaani ushindi. Bijoy ikatawala magazeti, viwanda vya uchapaji na ofisi za Bangladesh kwa miongo, na vidole vya maelfu ya wapiga chapa vimeizoea hadi leo.

Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na hila ya lazima. Kompyuta za siku hizo zilijua herufi za Kilatini tu, kwa hiyo fonti za Kibengali zilichorwa mahali pa herufi hizo. Mashine ilidhani inaandika A. Mtu aliona umbo la Kibengali. Faili likipelekwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, pazia lilidondoka. Neno "amar", lenye maana ya "yangu", lilitokea kwenye kioo likisomeka "Avgvi". Kurasa nzima za mashairi, hukumu za mahakama na barua za mapenzi ziligeuka msitu wa herufi zisizosomeka.

Dawa ilikuwa kuipa kila herufi ya Kibengali namba yake yenyewe, inayotambulika na kompyuta zote duniani. Kazi hiyo ilifanywa na mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza la mwaka 1991 lilitenga nafasi 128 kwa maandishi ya Kibengali, yanayotumiwa pia na Kiassam. Hata hapo mjadala haukwisha. Herufi ndogo iitwayo khanda ta, inayoonekana katika maneno ya kila siku, haikupewa nafasi yake mpaka mwaka 2005. Kabla ya hapo ilibidi iungwe kwa vipande. Miaka 14 kwa herufi moja.

Kuwepo kwa namba bado si kuandika. Mwaka 2003 mwanafunzi wa udaktari wa chuo cha tiba cha Mymensingh, Mehdi Hasan Khan, aliutatua ugumu huo kutoka chumba chake cha bweni. Tarehe 26 Machi, siku ya uhuru wa Bangladesh, alitoa programu ya Avro, bure kwa kila mtu. Avro haikumtaka mwandishi akariri mpangilio mpya wa herufi. Aliandika kama alivyotamka, kwa kibodi ya kawaida ya Kilatini: akibonyeza a, m, i, kwenye kioo linatokea "ami", yaani mimi, kwa herufi za Kibengali. Kauli mbiu yake ilikuwa "Bhasha hok unmukto", lugha iwe huru. Marafiki walijiunga naye, na kazi ya kujitolea ikaendelea kwa miaka, masomo ya udaktari yakiwa kando yake. Tume ya uchaguzi ya Bangladesh iliitumia Avro ilipoandaa vitambulisho vya wapiga kura.

Avro ilielewa jambo ambalo vijana walikuwa wameanza kulifanya wenyewe. Simu za mkononi zilipoenea Bangladesh kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, nyingi hazikuwa na herufi za Kibengali. Watu hawakusubiri. Waliandika Kibengali chao kwa herufi za Kilatini, kila mtu kwa tahajia yake, wakikichanganya na Kiingereza, wakakiita Banglish. Maneno ya baraza na ya benchi la chai, ambayo vitabu viliyakataa, yalikuwa ya kwanza kuingia kwenye ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe wa simu ni adda ya mfukoni. Hii ndiyo sababu lugha za programu za mzaha za Kihindi na Kibengali mara nyingi huandikwa kwa herufi za Kilatini: zimezaliwa kwenye kidole gumba cha simu, na zimeurithi mwandiko wake.

Mila ya kutengeneza lugha ya kompyuta kwa mchezo nayo ina umri. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Princeton, Don Woods na James Lyon, walibuni INTERCAL, lugha iliyodai adabu: mwandishi asiyesema "tafadhali" mara za kutosha programu yake hukataliwa, na anayesema mno hukataliwa pia kwa kujipendekeza. Mwaka 2007 Adam Lindsay wa Lancaster nchini Uingereza alitoa LOLCODE, iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika cha picha za paka zilizokuwa zikisambaa kwenye intaneti.

Kisha mchezo ukashika lugha zilizoachwa nje, na hapo ukawa na uzito mwingine. Mwaka 2012 Ramsey Nasser, akifanya kazi New York, alibuni Qalb, lugha ya programu ya Kiarabu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Qalb ni moyo, ndiyo kalbi ya washairi wetu. Nasser alitaka kuonyesha kwamba programu ikiandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, vyombo vingi vya waandishi wa programu hukwama, ingawa hesabu yake haina kosa. Mwaka 2019 Lingdong Huang, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, alitoa Wenyan, inayoandikwa kwa Kichina cha kale cha wanazuoni. Wayoruba wana Yorlang. Wabengali wana Pakhi, yenye maana ya ndege, ambayo haina misimu: maneno yake ni Kibengali safi kwa herufi zake zenyewe.

Kutengeneza lugha kama hiyo kunahitaji hatua tatu, na mwanafunzi mwenye bidii anaziweza. Kwanza huandikwa sehemu inayosoma mstari na kuukata kuwa maneno, kama mtu anavyochambua mchele na kutenga kokoto. Ya pili huyatazama maneno hayo na kujua lipi ni agizo, lipi ni namba, lipi linaanza sentensi na lipi linaifunga. Ya tatu hutekeleza, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kuyageuza maagizo kuwa ya lugha nyingine ambayo kompyuta tayari inaielewa. Aliyebuni lugha anaweza kuweka neno lolote alipendalo. Hapo ndipo "sema mjomba" linapokuwa agizo halali sawa na lolote lililotungwa California.

Na hapo pia ndipo mchezo unapomfundisha mchezaji jambo kuhusu lugha yake. Kibengali huweka kitenzi mwisho: Mbengali hasemi "mimi nakula wali", husema "mimi wali nakula". Lugha nyingi za kompyuta huanza na agizo na kumalizia na kitu kinachoagizwa. Anayebadilisha maneno tu, akaacha mpangilio, anapata Kibengali kilichosimama kwa miguu ya Kiingereza. Kwa upande mwingine, Kibengali kina jozi ambazo mtunga lugha za kompyuta angezionea wivu. "Jodi" hudai "tahole": kama hivi, basi vile. "Jotokkhon" hudai "totokkhon": muda wote ambao jambo hili linaendelea, kwa muda huohuo fanya lile. Masharti na marudio, nguzo mbili za kila programu, zilikuwa tayari zimepangwa kwa nidhamu vinywani mwa watu kabla ya kompyuta kuwepo.

Wako wanaosema lugha hizi hazina kazi, kwamba hakuna benki itakayotunza akaunti zake kwa maneno ya kijiweni. Ni kweli, na waliozitunga hawakudai hivyo. Lakini mtoto aliyeona mara moja kwamba maneno ya kuamuru mashine yamechaguliwa na watu, na yanaweza kuchaguliwa upya, hawezi tena kuamini kwamba kompyuta imezaliwa na Kiingereza. Felienne Hermans wa Uholanzi alilipeleka darasani wazo hilo la kuchagua maneno upya: mwaka 2020 alitoa Hedy, lugha ya kuwafundishia watoto, inayowaruhusu kuandika maagizo kwa makumi ya lugha. Kibengali kimo. Kiswahili pia kimo. Na Dar es Salaam ilikwisha kuonja ladha hiyo mapema, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, na watu wakabishana kwa moyo wote kuhusu neno gani lifae kwa kitu gani.

Februari 2025 serikali ya Bangladesh ilimteua Mehdi Hasan Khan kupokea Ekushey Padak, moja ya tuzo za juu kabisa za raia. Ekushey ni "ya ishirini na moja", yaani ya tarehe ile ya mwaka 1952. Khan hakutaka kuipokea peke yake. Akataka wenzake watatu wa Avro, Rifat Nabi, Tanbin Islam Siyam na Shabab Mustafa, wahesabiwe pamoja naye, na wote wanne wakatunukiwa.

Kwenye programu yao, kijana wa Dhaka akibonyeza m, a, m, a, kioo kinamletea konsonanti ma na alama yake ya irabu, mara mbili. Ni umbo lilelile la herufi ambalo mhunzi wa Hooghly alilichonga kwa nyundo na patasi, sasa likiwa na namba yake katika kila simu duniani. Kijana anaongeza nukta mbili, anashuka mstari, na kumwandikia mjomba huyo wa kompyuta kazi ya kufanya.